Kipindupindu kikiingia mtaani: namna ya kufanya habari iwahi kabla ugonjwa haujafika

Haya wadau, hii naiandika kwa ajili ya wale ambao mvua zikishika tu simu zao zinaanza kuita, mabalozi, wenyeviti wa mitaa, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, maadmini wa magrupu ya mtaa, mama wa vikoba, na yeyote yule ambaye watu wakisikia kuna mtu kaharisha na kutapika usiku kucha wanamfuata yeye kumuuliza eti ni kweli. Sitaelezea kunawa mikono, hilo tumeimbiwa toka darasa la kwanza. Naongelea habari yenyewe: unaipitisha wapi, unampa nani kwanza, inadumu muda gani, na kwa nini mara nyingine inafika kabisa masikioni mwa watu na bado haifanyi kitu.

Tuwekane sawa kwanza. Nikisema mtandao hapa sisemi Insta wala TikTok. Nasema ule mtandao wa watu kwa watu, unachota maji na nani, unachangia choo na nani, unakula kwa nani mchana, watoto wako wanalala kwa nani ukiwa safarini, ukifiwa nani anakuja kuosha maiti na nani anapika. Kipindupindu kinatembea humo. Na habari nayo inatembea humo humo, au inatembea kwingine, na hapo ndipo kazi yako inapofaulu au inapofeli.

Mwaka 2009 kuna watafiti wanne, Sebastian Funk na wenzake, walichapisha hesabu moja nzuri sana kwenye PNAS, jarida la kisayansi la Marekani. Walitengeneza kwenye kompyuta jamii ya kubuni yenye vitu viwili vinavyosambaa kwa pamoja, ugonjwa na habari za ugonjwa, na habari wakaiwekea sharti kwamba kila inapopita mkono mmoja kwenda mwingine inapungua nguvu, yaani aliyeuguza mwenyewe anajilinda sana, aliyesimuliwa na huyo anajilinda kidogo kupungua, na aliyesikia kwa mtu wa nne anasema tu "wanasema kuna ugonjwa" afu anaendelea kunywa maji yake. Walichokuta ni hivi, pale ambapo kila mtu anachanganyika na kila mtu ovyo ovyo, uelewa unapunguza idadi ya wagonjwa lakini hauzuii mlipuko kuanza. Ila pale ambapo watu wana majirani zao maalum na habari inapita kwenye njia zile zile ambazo ugonjwa unapita, uelewa unaweza kuubana ugonjwa pale pale ulipoanzia mpaka ukashindwa kutoka, mradi ugonjwa wenyewe usiwe na kasi kupita kiasi. Ni hesabu tu, sio Manzese, lakini ukiielewa hiyo utajua kwa nini gari la matangazo likipita barabara ya lami na spika juu linaweza lisisaidie chochote wakati nyumba tano kule bondeni zinazochangia choo kimoja hazijaambiwa na mtu wanayemjua.

Na kipindupindu kinafaa sana kwa mbinu hii kwa sababu ni ugonjwa wa jirani. Watafiti waliangalia milipuko ya N'Djamena kule Chadi mwaka 2011 na ya Kalemie, ndugu zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mwaka 2013 na 2014, wakapima nyumba kwa nyumba mgonjwa wa pili anatokea wapi baada ya wa kwanza. Hatari ilikuwa kubwa mno kwa watu wanaoishi ndani ya mita 20 kutoka kwa mgonjwa kwenye siku 5 za mwanzo, na iliendelea kuonekana mpaka mita mia mbili na kitu. Mita 20 ni ua wenu na ua wa jirani. Mita mia mbili ni kutoka kwako mpaka dukani kwa Mangi. Kwahiyo ukipata taarifa ya mgonjwa usianze kuposti kwenye grupu la watu 250 ambao nusu yao wamehamia Mbezi na Kigamboni, anza kwa miguu, nyumba zinazomzunguka mgonjwa, siku hiyo hiyo.

Chora ramani ya nani anakutana na nani

Sio ramani ya serikali yenye mipaka ya kata. Chukua daftari la shule, kaa na watu wawili wanaoujua mtaa, mmoja awe mwanamke maana wanaume wengi hatujui maji ya nyumbani yanatoka wapi, afu mwandike sehemu ambazo watu wa nyumba tofauti wanagusa kitu kimoja. Choo cha kuchangia. Kisima kifupi. Bomba linalouza maji kwa ndoo, na wale vijana wa toroli wanaosambaza madumu, hawa muhimu sana kuliko watu wanavyodhani maana kijana mmoja anaingia nyumba nyingi kwa siku na maji yale yale. Mama ntilie, muuza juisi ya miwa, muuza matunda ya kukatwa. Kijiwe cha kahawa, banda umiza, saluni, madrasa, shule, kanisa. Vyoo vinavyotapishwa mvua ikinyesha na maji yake yanaelekea wapi (kila mtaa unajua nyumba gani wanatapisha na hakuna anayesema, hilo nalo andika).

Ukishamaliza, kwenye kila sehemu andika jina la mtu mmoja anayekaa pale muda mrefu. Sio mwenye mali, anayekaa. Mwenye bomba anaweza kuwa yupo Tabata, anayekusanya hela za ndoo ni binti wa miaka 17 na ndiye anaongea na wanawake wote wa mtaa kila asubuhi. Huyo binti ana nguvu kukuzidi wewe na mimi.

Kumpata mtu wa kumpa habari

Hapa nataka nikae kidogo maana ndipo watu wengi wanapobugi. Mazoea yetu ni kuita kikao, viongozi wanakaa meza kuu, mabalozi wanaandikishwa, soda zinanyweka, mwisho mnaambiana "mkafikishe ujumbe kwa wananchi." Balozi anarudi nyumbani anawaambia mke wake na watoto, kazi imeisha. Sio mbaya, ila balozi ni mtu wa barua za utambulisho na kesi za wapangaji, sio lazima awe mtu wa umbea. Na habari ya kuokoa watu inahitaji mtu wa umbea.

Wala sikutanii. Wachumi akina Abhijit Banerjee na Esther Duflo, hao hao waliopewa Nobel ya uchumi mwaka 2019, na wenzao, walifanya kazi India ambapo badala ya kukisia nani ni muhimu kijijini waliwauliza watu kawaida tu, tukitaka habari isambae hapa tumwambie nani? Wanakijiji wakawataja. Kule jimbo la Haryana wakawatumia hao waliotajwa kuwakumbusha wazazi chanjo za watoto, na vijiji hivyo vikapata watoto wengi zaidi waliochanjwa kuliko vijiji ambavyo waliwachukua watu wa bahati nasibu. Yaani watu wa mtaani wanamjua mbeya wao, wewe uliza tu.

Kwahiyo swali la kuuliza ni hili, liulize kwa watu kama kumi hivi wa rika tofauti na jinsia tofauti: "Kukitokea sherehe ya bure hapa mtaani, nikimwambia nani kila mtu atajua kabla ya jioni?" Usiulize kiongozi nani, utatajiwa mwenyekiti. Uliza hivyo hivyo kwa mtindo wa sherehe, watacheka na watakutajia majina ya kweli. Jina likijirudia mara tatu huyo ndiye. Mara nyingi atakuwa msusi, wakala wa kutoa hela, dereva boda wa kijiweni, shangazi fulani asiyekosa msiba wala kitchen party.

Kuna njia nyingine ya mkato kama huna muda wa kuulizia. Chagua mtu yeyote, muombe akutajie rafiki yake, mwendee huyo rafiki badala yake. Inaonekana kama mchezo ila ina hesabu nyuma yake, mtu mwenye marafiki wengi anatajwa na wengi, kwahiyo ukifuata aliyetajwa una nafasi kubwa ya kumpata mwenye watu wengi. Nicholas Christakis na James Fowler walijaribu hiyo kwa wanafunzi wa Harvard mwaka 2009 wakati wa mafua, na kundi la marafiki waliotajwa lilipata mafua mapema kwa takriban wiki mbili kabla ya kundi la bahati nasibu. Angalia inamaanisha nini kwako: mtu mwenye watu wengi ndiye anayesambaza habari haraka, na ndiye ugonjwa utamfikia mapema, na ndiye ukimwona kaanza kuharisha ujue ugonjwa umeshaingia ndani ya mtaa. Mtu mmoja anakufanyia kazi tatu. Mpe dawa ya maji yeye wa kwanza.

Ukimwendea mwendee kwa adabu na umweleze yote, usimpe kipande. Mama mtu mzima unamwamkia shikamoo, unakaa, unakunywa hayo maji ukiambiwa yamechemshwa, ndio unaanza "Mama, nimekuja kwako kwa sababu watu wanakusikiliza." Hiyo sentensi peke yake inafanya nusu ya kazi.

Ujumbe wenyewe

Usitangaze kipindupindu kabla watu wa afya hawajasema ni kipindupindu. Kuharisha kuna sababu nyingi, ukitangaza afu ikawa sio, mara ya pili hakuna atakayekusikiliza. Kabla ya majibu sema tu "kuna kuharisha na kutapika upande fulani," inatosha kabisa kwa sababu cha kufanya ni kile kile. Toa taarifa zahanati, au kwa Tanzania piga 199 ya Wizara ya Afya, bure.

Ujumbe uwe mfupi kiasi kwamba mtu anaweza kuurudia kwa mdomo akiwa anasonga ugali. Kumbuka ile hesabu, kila mkono unaopita unapunguza, kwahiyo ukiandika aya sita kinachofika kwa mtu wa tatu ni "kuna ugonjwa, Mungu atusaidie." Mfano wa voisi noti ambayo mimi ningetuma:

"Majirani, habari za asubuhi. Zahanati wamethibitisha mgonjwa wa kipindupindu upande wetu wa bondeni. Kuanzia leo maji ya kunywa yote, ya kisima, ya bomba, ya toroli, tuyachemshe au tuweke dawa. Dawa ya maji ipo kwa mhudumu wa afya, njooni na kidumu kabla ya saa 12 jioni. Mtu akianza kuharisha maji maji, mpeni ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, hapo hapo na mumpeleke zahanati hata kama ni usiku, msisubiri kuche. Mimi nimeongea na daktari mwenyewe leo asubuhi, mwenye swali anipigie."

Angalia vitu vilivyomo. Kuna mahali, bondeni, mtu anajua ni karibu. Kuna kitu kimoja kikubwa cha kufanya. Kuna pa kupata dawa na mwisho wa muda, maana kitu kisicho na saa tunaahirisha. Na kuna "nimeongea na daktari mwenyewe," yaani habari ni ya mkono wa kwanza. Usiseme dawa ipo kama haipo, hilo nalirudia kwa herufi kubwa, USISEME. Hakuna kitu kinachoua imani kama watu kuja na vidumu wakakuta hakuna.

Na usitaje mgonjwa. Usitaje jina, usitume picha, usiseme "yule mpangaji wa chumba cha uani." Mtu akishaanikwa, mgonjwa wa pili atafichwa ndani mpaka aishiwe maji mwilini, na kipindupindu kikikaba kwelikweli kinaweza kuua mtu ndani ya saa chache. Isitoshe wengi walioambukizwa hawaonyeshi dalili kabisa au wanaharisha kidogo tu na bado wanatoa vimelea chooni kwa siku 1 hadi 10, kwahiyo kumnyooshea kidole mmoja ni kujidanganya kwamba wengine ni wazima.

Kwa wenye ORS za pakiti, fuata maelezo ya pakiti. Kama hamna, lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga, mgonjwa anywe wakati safari ya hospitali inaandaliwa, sio badala ya safari. Vidonge vya kutibu maji someni karatasi yake, vinatofautiana kidonge kimoja ni cha lita ngapi, na watu wanaweka kimoja cha lita 5 kwenye pipa la lita 200 afu wanasema dawa haifanyi kazi.

Hofu peke yake inakimbiza watu

Mwaka 1994 mji wa Surat India ulipata tauni ya mapafu na habari ikalipuka kabla ya maelekezo, watu laki kadhaa wakautoroka mji ndani ya siku chache kwa treni na mabasi. Hiyo nayo ni uelewa, watu walijua kuna ugonjwa, ila hawakuambiwa la kufanya zaidi ya kuogopa, na mtu aliyeogopa anachojua ni miguu. Kwetu ni hivyo hivyo, ukimtisha mama wa watoto wanne na hujampa cha kufanya atawapakia kwenye basi usiku kwenda kwa bibi yao Handeni, na kama mmoja wao tayari anavyo vimelea basi umesafirisha ugonjwa kwa tiketi. Dalili zinaweza kuchukua saa kadhaa mpaka siku 5 kuonekana, kwahiyo anayepanda basi mzima sio lazima awe mzima. Kila sentensi ya kutisha iwe na kazi ya mkono mbele yake. Kama huna kazi ya kumpa, usimtishe.

Mfano wa jirani zetu

Watu wakiniuliza kama maneno ya mdomo kweli yanaweza kushinda ugonjwa huwa nawatajia Uganda na ukimwi. Mwanzoni mwa miaka ya 90 maambukizi kwa watu wazima yalikuwa kama asilimia 15, kufika mwanzoni mwa miaka ya 2000 yakawa kwenye asilimia 6 hivi. Sababu ni nyingi na wataalamu wanabishana mpaka leo, wengine wanasema sehemu ya kushuka ni kwamba wagonjwa wengi walikufa, sawa. Lakini Rand Stoneburner na Daniel Low-Beer walilinganisha Uganda na majirani wake kwenye jarida la Science mwaka 2004 na kitu kilichojitokeza ni kwamba Waganda walikuwa wanapata habari za ukimwi kwa marafiki na ndugu kuliko watu wa Kenya, Zambia au Malawi, ambao wengi walizisikia kwenye redio na vyombo vingine. Redio ilikuwepo Uganda pia. Tofauti ni kwamba watu walikaa wakaongea, msibani, baa, kanisani, wakataja waliowauguza. TASO, shirika la kuwasaidia wenye ukimwi, lilianzishwa 1987 na Noerine Kaleeba aliyekuwa amefiwa na mume, na mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya akasimama hadharani akasema mimi ninao, akazunguka mashuleni na makanisani mpaka alipofariki Desemba mwaka huo huo. Ugonjwa ukawa na sura ya mtu unayemjua.

Sasa kwa kipindupindu hutaki mgonjwa ajianike akiwa bado kitandani, ila akipona na akikubali MWENYEWE, hakuna msemaji bora kuliko yeye. Mtu aliyelala kambi ya kipindupindu kwenye kile kitanda chenye tundu akisimulia kijiweni, hakuna atakayekunywa maji ya toroli bila kuuliza.

Uvumi

Utakuja tu. Dawa ya maji inaharibu uzazi, ni mradi wa watu, ni siasa, mwaka wa uchaguzi wanataka kufunga biashara za mama ntilie, na kadhalika. Usiupuuze na usiutukane. Beni na Butembo, Kongo mashariki, ebola ilipoingia 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 mwezi Septemba mwaka huo, na mtu mmoja kati ya wanne aliamini ebola haipo kabisa, na chini ya theluthi moja ndio waliokuwa na imani kwamba viongozi wa pale wanafanya kazi kwa maslahi ya wananchi. Habari za ebola walikuwa nazo tele. Tatizo lilikuwa nani anazileta. Watu waliochinjwa usiku na vikundi vya waasi kwa miaka bila msaada wowote, ghafla magari meupe yanajaa mtaani kwa ajili ya ugonjwa mmoja, afu Desemba 2018 wanaambiwa uchaguzi kwao umeahirishwa mpaka Machi kwa sababu ya usalama na ebola, hata wewe ungeuliza maswali. Mlipuko ule ulikuja kuisha Juni 2020 ukiwa umeua watu 2,287.

Kwahiyo uvumi ukianza kazi ya kwanza ni kujua umetoka wapi na unapita kwa nani, uende njia ile ile kwa miguu. Uvumi wa saluni haujibiwi kwa tangazo la mwenyekiti, unajibiwa saluni na mtu wa saluni. Sikiliza kwanza malalamiko yaliyo nyuma yake, mara nyingi kuna kitu cha kweli, kwamba mwaka jana waliwafungia mama ntilie biashara na hawakuwapa hata muda wa kumaliza wali uliopo jikoni. Ukilikubali hilo la kweli, lile la uongo linalegea lenyewe. Kwa WhatsApp ukiona meseji ina alama ya kwamba imefowadiwa mara nyingi, ndio zile toka Aprili 2020 wamezibana uweze kuituma kwa mtu au grupu moja tu kwa wakati, iulize grupu swali moja bila ukali: "Nani anamjua aliyeandika?" Kimya kitakachofuata kinatosha.

Misiba

Nimeiweka peke yake kwa sababu msiba ndipo mitandao inapogongana, watu wa mtaa, wa ofisini, wa kijijini, wote wanakula sufuria moja afu wanarudi makwao. Mlipuko wa Marburg, ugonjwa ndugu wa ebola, kule Bukoba Vijijini uliotangazwa Machi 21, 2023 uliisha Juni 2 ukiwa na watu 9 waliougua na 6 waliofariki, idadi ndogo kwa ugonjwa mbaya kama ule, na kufuatilia kila aliyegusana na mgonjwa au marehemu ilikuwa sehemu kubwa ya kazi. Kwa kipindupindu ongea na familia mapema, kabla ya turubai kufungwa, na ongea na shehe au padri na mpishi mkuu wa shughuli, sio na mfiwa pekee ambaye kichwa chake hakipo. Watu wa afya ndio waelekeze kuosha na kuzika. Mpishi asiwe yule aliyemuuguza wala aliyemuosha. Ndoo ya maji tiririka na sabuni ikae pale watu wanapochukua sahani, sio kwenye geti ambapo wanapita wakiongea. Na tumia msiba huo huo kupeleka habari, dakika mbili tu wakati wa matangazo, maana watu wa mitaa kumi wapo mbele yako wamekaa kimya, nafasi hiyo hutaipata tena.

Habari inachoka

Wiki ya kwanza mtachemsha maji wote. Wiki ya tatu mkaa umepanda, hakuna mgonjwa mpya kwenye kona yenu, watu wanalegea, na wanalegea kwa sababu hawaoni, na hawaoni kwa sababu walikuwa wanachemsha. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar Agosti 2015 ulienda mikoa mingi ya bara na Zanzibar na uliburuza miaka, wagonjwa zaidi ya 20,000, ulikuwa unazima huku unawaka kule. Dawa ya kuchoka sio kupiga kelele zaidi. Meseji ile ile ikirudiwa kila siku saa mbili asubuhi inaishia kusomwa kama ile ya "Ubarikiwe na siku njema" yenye maua. Rudi kwenye chanzo uchukue kitu kipya kila baada ya siku chache, kisima fulani kimepimwa, wagonjwa wawili wametoka kambini, dawa mpya imefika, na uwape wale wale watu wako wa umbea kwa mdomo wako. Habari ya mkono wa kwanza inaanza upya na nguvu zake zote.

Ugonjwa ukihamia kona nyingine ya kata, peleka watu wako kule wakakutane na wenzao, wasipige simu tu. Na uliza pia nani wa kule anafanya kazi huku. Madereva boda na vijana wa toroli ndio daraja, ramani yako ya mwanzo itakuonyesha.

Jaribu mnyororo wako kabla ya masika

Hii inafanyika wakati hakuna ugonjwa, mwezi Februari hivi. Mpe habari ya kweli lakini nyepesi yule mtu wako mmoja tu, mfano siku ambayo gari la taka litapita au zahanati itakuwa na kliniki ya watoto, usiiposti popote. Siku mbili baadae nenda kule mwisho wa mtaa, kwenye choo cha mwisho karibu na mto, uliza watu watatu kama wamesikia na nani kawaambia. Kama wamesikia, rudi nyuma jina kwa jina uone imepita mikono mingapi na imebadilikaje njiani. Kama hawajasikia, endelea kuuliza ukirudi juu mpaka umfikie wa mwisho aliyejua, pale kati yake na wale watatu ndipo panapotakiwa mtu mpya, na umtafute kabla ya mvua ya kwanza.